Intaneti ya Nyumbani Ikikatika, Jua Kwanza Imekatikia Wapi



Malalamiko yanayoletwa katika ofisi za matawi yetu hapa Uganda yamebadilika sura. Zamani mwanachama alikuja na barua ya kufukuzwa kazi, au na kidole kilichoumizwa na mashine. Hao bado wanakuja, tena wengi. Lakini siku hizi anakuja pia mfanyakazi aliyebeba kompyuta yake ndogo ndani ya mfuko wa plastiki. Anaiweka mezani na kusema kwamba intaneti ya nyumbani kwake inakatika mara kwa mara, na kila ikikatika mwajiri anampunguzia malipo.

Jambo hili lilizidi tangu mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, waajiri walipowaambia watu wengi wakafanyie kazi nyumbani. Baadhi yao hawakurudishwa ofisini mpaka leo. Mwajiri aliona faida upesi: hakuna pango la jengo, hakuna maji, hakuna mlinzi wala chai ya saa nne. Gharama hizo zote zilihamia nyumbani kwa mfanyakazi, na pamoja nazo ukahama mzigo mwingine ambao haukuandikwa popote. Kiwandani mkanda wa mashine ukikatika, fundi wa kampuni huitwa, na mfanyakazi husubiri huku saa zake zikihesabiwa. Nyumbani intaneti ikikatika, fundi ni wewe mwenyewe, na saa zinazopotea ni zako.

Kwa hiyo leo tunazungumza ufundi katika ukurasa huu wa chama. Mimi si mhandisi, nimesoma mpaka darasa la saba. Haya ninayoyaandika nilifundishwa na kijana mmoja mwanachama wetu ambaye kazi yake ni kupanda minara ya simu, kisha nikayajaribu kwa mikono yangu katika nyumba za wanachama, na yamefaa. Ndugu msomaji usiyejua kompyuta usiogope. Anayeweza kutafuta mahali bomba la maji linapovuja anaweza pia kutafuta mahali intaneti inapokatikia.

Kwanza tuijue njia yenyewe. Wazee wetu waliita mawasiliano yasiyo na waya "simu ya upepo", na jina hilo lingefaa waifai vizuri. Lakini upepo huo ni kipande kimoja tu cha safari, tena kifupi kuliko vyote. Unatoka kwenye kompyuta mpaka kwenye ruta, kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo, pengine hatua kumi tu. Kutoka kwenye ruta kuna kipande cha pili mpaka kwa kampuni ya simu. Kama umeungiwa waya wa kioo, yaani faiba, kipande hicho kinapita kwenye nguzo za mtaani. Kama ruta yako inatiwa laini ya simu kama simu ya mkononi, kipande hicho nacho ni cha hewani, mpaka kwenye mnara. Halafu kuna kipande cha tatu, kirefu sana. Nchi yetu haina bahari, basi mawasiliano yetu na nchi za mbali hupita Kenya hadi Mombasa, au Tanzania hadi Dar es Salaam, na hapo huingia katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Nyaya hizo zilianza kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida hakuweza hata kuiuliza.

Sasa, watu wengi wanaposema "waifai imekatika", hawajui ni kipande kipi kati ya hivyo kilichokatika. Anayeuza ruta naye hataki ujue, maana yeye ana dawa moja tu dukani kwake. Na mwajiri hataki ujue kwa sababu yake yeye. Kwa mwajiri, kukatika kote ni kosa la mfanyakazi.

Nitaeleza habari ya dada mmoja mwanachama wetu anayekaa upande wa Nansana, nje kidogo ya Kampala. Ameniruhusu kuieleza, bila kutaja jina lake wala la kampuni. Kazi yake ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa nchi za nje na kuziandika katika kompyuta. Analipwa kwa saa. Programu ya kampuni inamhesabia muda, na isipomwona mtandaoni kwa dakika tano inafuta nusu saa nzima. Ndiyo, ndugu zangu, dakika tano zinakula thelathini. Mwezi wa Aprili 2024 alipokea malipo yaliyopungua kiasi cha kumshinda kulipa kodi ya chumba. Alipokwenda dukani kuuliza, muuzaji alimwambia ruta yake imechoka, anunue kubwa yenye antena nne. Akakopa katika chama chao cha akiba na mikopo, akanunua. Intaneti ikaendelea kukatika vilevile, na sasa akawa na deni juu yake.

Tulikwenda kwake Jumapili moja, mimi na yule kijana wa minara. Nilitegemea kijana atafungua kisanduku kwa bisibisi. Hakugusa kitu. Aliomba kiti, akakaa mbele ya kompyuta akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Hulipata kwa kuandika herufi cmd mahali pa kutafutia programu. Akaandika "ipconfig", na kompyuta ikatoa orodha ya namba. Katika orodha hiyo, mstari ulioandikwa "Default Gateway" ndio anwani ya ruta yako. Ya dada huyu ilikuwa 192.168.1.1, na nyumba nyingi ni hiyo, au 192.168.0.1.

Kisha akafungua madirisha mawili meusi kando kwa kando. Katika la kwanza akaandika "ping -t 192.168.1.1". Katika la pili akaandika "ping -t 8.8.8.8", ambayo ni anwani ya mashine za kampuni ya Google huko nje. Maana yake ni kama kupiga hodi mfululizo kwenye milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa ruta iliyo hapo chumbani, wa pili ni wa dunia ya nje. Kila hodi ikijibiwa, mstari mpya unaandikwa, pamoja na muda wa jibu katika milisekunde. Hodi isipojibiwa, kompyuta inasema hivyo. Ukitaka kuisimamisha, unabonyeza Ctrl na C kwa pamoja.

Basi tukaacha madirisha yakienda, tukanywa chai. Ilipokatika, jibu lilikuwa mbele ya macho. Kama mlango wa ruta unaendelea kujibu huku wa nje umenyamaza, kompyuta yako na waifai yako ni nzima. Ubovu uko kwa kampuni ya simu au mbele yake, na hata ukinunua ruta kumi hutapona. Kama milango yote miwili imenyamaza kwa pamoja, basi ubovu uko ndani ya nyumba: hewani, au katika ruta, au katika kompyuta. Kuna hali ya tatu, nayo ni milango yote kujibu vizuri huku kurasa hazifunguki. Hapo mara nyingi kilichoharibika ni lile daftari la kampuni linalogeuza majina kuwa namba. Unaweza kuiagiza kompyuta itumie daftari lingine, kwa mfano la anwani hiyohiyo ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1.

Angalia vilevile kama bando limekwisha. Waifai itaonyesha imeunganishwa, taa zote zitawaka, na hakuna kitakachofunguka. Nimewahi kupanda bodaboda mpaka Mukono kwa sababu hiyo tu. Na bando zenyewe ni ghali, hasa tangu Julai 2021 ilipowekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data badala ya ile ya shilingi 200 kwa siku ya mwaka 2018.

Kwa dada wa Nansana tulikaa saa tatu. Mara mbili ilinyamaza milango yote, na mara moja, jua lilipoanza kushuka, ulinyamaza wa nje peke yake. Kwa hiyo alikuwa na magonjwa zaidi ya moja, na ndiyo maana dawa ya dukani haikufaa.

Tuanze na ya ndani. Milango yote ikinyamaza, kitu cha kwanza ni kugeuza macho kutazama taa za ruta. Kama zimezimika kisha zinawaka upya moja moja, hiyo si waifai kabisa, ni umeme. Huku kwetu umeme huyumba kidogo tu, balbu ikakonyeza jicho na watu wasijali, lakini ruta imekwisha kuzimika. Ikizimika huchukua dakika moja au mbili au zaidi kusimama tena, na ile programu ya mwajiri haina huruma. Dawa yake ni betri ndogo ya ruta inayokaa kati ya soketi na kisanduku. Kabla ya kuinunua soma maandishi nyuma ya ruta: nyingi zinataka volti 12, lakini ziko za volti 9 na za volti 5, na ukikosea unaweza kuiunguza.

Soma na maandishi ya adapta yake pia. Kwa dada yetu ile adapta iliyokuja na ruta mpya ilikuwa na miguu isiyoingia katika soketi yake. Fundi wa jirani alimpa nyingine ya zamani. Volti zilikuwa sawa, 12, lakini ruta ilitaka ampea 2 na adapta ilikuwa ya ampea 1. Kazi ikiwa nyepesi ruta inavumilia. Sauti nzito zikianza kushuka, inaishiwa nguvu na kujizima. Mtu anayetazama atasema intaneti inakatika anapoanza kazi, na ni kweli, lakini kosa liko katika kipande cha plastiki ukutani. Kibadilisha miguu cha soketi ni bei ya soda chache tu. Kilitosha.

Joto nalo ni adui. Nyumba nyingi za wafanyakazi ni za mabati yasiyo na dari, na saa nane mchana hapo juu ni tanuri. Watu wanaitundika ruta juu kabisa karibu na bati ili "ipate mtandao". Kwa ile inayotumia laini ya simu kuna ukweli kidogo, kwa kuwa inahitaji kuuona mnara, na dirishani ni pazuri zaidi. Lakini ikipata moto sana hupunguza kazi au hujizima. Ukiigusa na mkono unaurudisha, ishushe.

Kama taa za ruta hazikuyumba na bado milango yote imenyamaza, sasa tunaingia hewani kwenyewe. Waifai hupita katika masafa mawili makubwa, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya 5 yana kasi kubwa lakini huchoka upesi yakikuta ukuta. Ruta za siku hizi hutoa yote mawili, mara nyingi kwa majina mawili, moja likiwa na tarakimu 5 mwishoni. Ukiwa chumba kimoja na ruta, tumia la 5. Ukiwa chumba cha tatu, tumia la 2.4. Ukiona kompyuta inarukaruka kati ya majina hayo mawili, iambie isahau moja.

Chuma hakipitishi mawimbi hayo. Mlango wa bati, kabati la chuma, friji, tangi la maji, hata kioo kikubwa cha kujitazamia ambacho nyuma yake kimepakwa madini, vyote ni ukuta mbele ya waifai. Dada yetu aliificha ruta ndani ya kabati la chuma akiogopa wezi. Namwelewa, maana deni lilikuwa bado halijaisha. Tuliitoa, tukaiweka juu ya rafu ya mbao kifuani mwa mtu, mahali ambapo hakuna chuma katikati yake na meza ya kazi. Kisha katika lile dirisha jeusi tukaandika "netsh wlan show interfaces". Amri hiyo huonyesha nguvu ya mawimbi kwa asilimia. Unaweza kuzunguka na kompyuta nyumbani, ukiandika tena amri hiyo kila unaposimama, ukajua mahali pa kuweka meza yako. Vile vijiti vitatu vinavyochorwa pembeni mwa kioo havisemi mengi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni la majirani. Katika vyumba vya kupanga vilivyoshikana kuta, kila mpangaji ana ruta yake, na ruta zote zinapiga kelele katika masafa hayohayo. Yale ya 2.4 yamegawanywa katika njia ndogo ndogo zinazoitwa chaneli, lakini zimelaliana kama magunia, na ni tatu tu zisizogusana: 1, 6 na 11. Vyumba kumi vikitumia chaneli ya 6, kila mmoja anasubiri mwenzake anyamaze. Dalili yake utaiona katika hodi za mlango wa ruta. Jibu lililokuwa linakuja kwa milisekunde chache linapanda kuwa mamia, kisha linapotea, hasa jioni watu wanaporudi kutoka kazini. Fungua ukurasa wa ruta kwa kuandika anwani yake mahali pa kuandikia anwani za intaneti. Neno la siri la kuingilia mara nyingi limebandikwa chini yake. Humo uchague chaneli ambayo majirani hawaitumii. Zipo programu za bure za simu zinazoonyesha nani yuko chaneli gani. Wapangaji wa nyumba moja katika tawi letu walikaa wakagawana 1, 6 na 11 kama watu wanavyogawana zamu za kusafisha uwanja, na hakuna aliyelipa hata senti.

Wenye jiko la maikrowevu, nao ni wachache kati yetu, wajue kwamba jiko hilo linafanya kazi karibu na gigahezi 2.45, na likiwashwa karibu linaweza kuifunika waifai ya 2.4 mpaka chakula kipate moto.

Kama una wasiwasi bado, kuna jaribio moja linalomaliza ubishi. Nunua au azima waya wa mtandao, chomeka ncha moja katika kompyuta na nyingine katika ruta, ufanye kazi siku nzima bila waifai. Ikiacha kukatika, ubovu ni wa hewani au wa kadi ya waifai. Ikiendelea, hewa haina hatia. Na kwa kweli mimi huwaambia wanachama ambao meza yao iko karibu na ruta wauache waya huo palepale siku zote. Haupendezi macho, lakini haukatiki jirani akiwasha redio yake.

Kompyuta yenyewe nayo ina ujanja wake. Ili kuokoa betri, huizima kadi ya waifai inapoona mtu ametulia. Mtu anayesikiliza sauti dakika kadhaa bila kugusa kitu anaweza kuonekana ametulia. Hilo lilikuwa la dada yetu pia. Unaingia "Device Manager", unatafuta kadi ya waifai, unafungua "Power Management", na kuondoa alama inayoruhusu kompyuta kuizima. Katika baadhi ya kompyuta mpya sehemu hiyo haionekani, na hapo unachoweza kufanya ni kufanya kazi ukiwa umechomeka umeme. Hali kadhalika, programu inayoiendesha kadi hiyo, ambayo mafundi huiita draiva, ikizeeka huleta vituko. Ipakue mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta yako, usiichukue kwa mtu wa kando ya barabara mwenye kidude cha kunakilia.

La mwisho la ndani ni neno la siri. Ukilipa mtoto wa jirani leo, kesho mtaa mzima unatazama mpira kwa bando lako. Libadilishe, na chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ule wa zamani wa WEP ulikwisha kuvunjwa miaka mingi iliyopita.

Sasa nirudi kwenye mlango wa nje, maana hapo ndipo penye haki ya mfanyakazi. Baada ya kutengeneza ya ndani, tulimwachia dada yetu daftari la shule lenye mistari minne: tarehe na saa, mlango uliojibu, taa za ruta zilivyokuwa, na dakika zilizopotea. Alijaza kwa wiki mbili bila kukosa. Zaidi ya hayo, kompyuta yenye Windows 10 au 11 huweka daftari lake yenyewe. Ukifungua lile dirisha jeusi kwa mamlaka ya msimamizi, ukaandika "netsh wlan show wlanreport", inatengeneza taarifa ya siku tatu zilizopita ikionyesha kila mara waifai ilipounganishwa na kukatika, pamoja na saa na sababu. Tuliihifadhi kila siku ya tatu. Mtu anaweza kusema daftari la mkono ni la uongo. Taarifa ya mashine ni ngumu kuipinga. Tena, kama mashine inaonyesha waifai haikukatika huku hodi za nje zimenyamaza, hapo ubovu umethibitika kuwa wa nje.

Ikatokea kwamba katika wiki hizo, Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, kwetu Uganda, Malawi, Msumbiji na kwingineko, na ilichukua siku kadhaa kurudi sawa. Miezi michache nyuma, Februari, nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo na upande wa kaskazini ulikuwa na upungufu. Magazeti yote yaliandika. Na ile programu ya mwajiri, siku hizo hizo, iliendelea kumfutia dada huyu nusu saa baada ya nusu saa, kana kwamba yeye ndiye aliyezamia baharini na msumeno.

Tulikwenda kwa meneja, dada yetu, mimi na mjumbe mmoja wa tawi. Meneja alitupokea kwa heshima. Akasema, "Dada, mkataba unasema intaneti ni jukumu lako." Dada yetu akajibu, "Ni kweli, bwana, na hii hapa kazi niliyoifanya kutimiza jukumu hilo." Akafungua daftari. Hakuanza na yale ya bahari. Alianza na yale yaliyokuwa yake: adapta, kabati la chuma, kadi iliyokuwa ikilala. Akaonyesha tarehe alizoyatengeneza, na jinsi kukatika kwa namna hiyo kulivyokwisha. Halafu ndipo akafungua yaliyobaki, ambayo mlango wa ruta ulijibu na wa nje ukanyamaza.

Nimekaa katika meza nyingi za mazungumzo, na naona utaratibu huo ndio uliomnyamazisha meneja. Katibu wa tawi anayekwenda kudai kwamba kila kukatika ni kosa la kampuni ya simu ataulizwa swali moja tu na kuaibika. Anayekwenda akiwa ametenganisha ya ndani na ya nje ana neno.

Tulimweleza meneja pia kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataja makato yanayoruhusiwa katika mshahara, na sisi hatukuona humo kato la waya kukatika baharini. Alijibu upesi kwamba dada huyu si mwajiriwa bali ni mkandarasi huru. Jibu hilo mtalisikia mara nyingi, ndugu zangu, na ni hila ya siku hizi: mtu anapangiwa saa, anasimamiwa na programu dakika kwa dakika, anakatwa kama mwajiriwa, lakini siku ya kudai haki anageuka kuwa mfanyabiashara.

Hatukuyapata yote. Kampuni ilirudisha malipo ya siku za nyaya za bahari, na ya zile jioni ambazo mnara ulikuwa umezidiwa. Ilikubali pia kwamba dakika tano zihesabiwe kuwa dakika tano, zisile nusu saa. Ya mwezi wa Aprili haikurudisha, kwa kuwa wakati huo hakukuwa na daftari. Deni la ruta ya antena nne bado dada yetu analilipa mwenyewe. Suala la kama yeye ni mwajiriwa au mkandarasi tumelipeleka makao makuu ya chama pamoja na ya wenzake wanne wa kampuni hiyohiyo.

Madaftari yenye mistari minne yapo katika ofisi ya tawi, ni bure kwa mwanachama, na waya wa mtandao wa mita tano tunauazima kwa siku mbili mbili. Kijana wa minara yuko ofisini Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Ukija, njoo na kompyuta, adapta ya ruta na karatasi ya malipo ya mwezi uliopita.